Nzi Anaweza Kushitaki, Hawezi Kuhukumu

Wahenga walitufundisha kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Ni wachache kati yetu wanaomheshimu yule nzi mdogo mwenye macho mekundu ambaye huzuka juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, juu ya maganda ya maembe, na kwenye mdomo wa chombo cha pombe iliyochacha. Tunampunga kwa mkono na kumsahau papo hapo. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja nzi huyu amekuwa mtumishi mwaminifu wa sayansi, na katika baadhi ya maabara duniani amekuwa akiulizwa swali linalomhusu kila mfanyakazi: je, hewa tunayovuta, ikiwa imechanganyika na mvuke wa rangi, gundi, dawa na vimumunyisho vya viwandani, inatufanya nini?

Swali hilo si la wataalamu peke yao. Fundi anayepulizia magari rangi bila kinyago hana njia ya kuchagua hewa ya kuvuta. Mwalimu anayefungua chupa ya fomalini mbele ya wanafunzi wake hana njia hiyo pia, wala msusi anayepaka nywele dawa katika chumba kisicho na dirisha. Mtu anaweza kukataa chakula asichokiamini, na anaweza kuchemsha maji anayoyatilia shaka. Lakini pumzi haingoji. Kwa sababu hiyo inatupasa tujue ni nani anayepima kemikali hizi, anazipima kwa njia gani, na majibu yake yanatumiwaje.

Rai ya makala haya ni kwamba nzi huyu anastahili nafasi kubwa zaidi katika upimaji wa sumu zinazoingia kwa pumzi, hasa katika nchi zisizo na maabara za gharama kubwa. Lakini nafasi hiyo iwe na mpaka ulio wazi. Nzi apewe haki ya kushitaki. Asipewe haki ya kuhukumu, na kamwe asipewe haki ya kumwachia huru mshitakiwa.

MZALIWA WA AFRIKA

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina. Wakulima wetu wanaposema nzi wa matunda, aghalabu humaanisha yule mharibifu anayetoboa embe changa na kutaga mayai ndani yake, kama yule aitwaye Bactrocera dorsalis aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka 2003 na ambaye amewatia hasara wakulima wengi. Nzi wa maabara ni wa ukoo mwingine. Jina lake la kitaalamu ni Drosophila melanogaster. Urefu wake ni kama milimita 3, na chakula chake ni hamira inayoota juu ya matunda yaliyokwisha kuoza.

Watu wa sayansi humpenda kwa sababu zilizo wazi. Katika joto la nyuzi 25, yai huwa nzi kamili kwa muda wa siku 10 hivi, na jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Anahitaji chupa, unga wa mahindi, hamira na sukari. Mpangilio wa jeni zake ulitangazwa mwaka 2000, na watafiti waliulinganisha na ule wa binadamu wakaona kwamba karibu robo tatu ya jeni zinazohusishwa na magonjwa ya binadamu zina ndugu zake ndani ya nzi huyu. Kwa hiyo sumu inayovuruga kazi fulani ya msingi katika mwili wa nzi inaweza kuvuruga kazi kama hiyo ndani yetu.

Jambo moja zaidi lafaa likumbukwe. Mdudu huyu, ambaye umaarufu wake ulianzia Marekani na Ulaya, asili yake ni Afrika. Mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta porini katika vilima vya Matopos, Zimbabwe, akiishi kwa kutegemea matunda ya mng'ongo. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba sayansi ya nzi ni jambo la kigeni, tujue kwamba nzi mwenyewe ni mwenyeji wetu.

MWALIMU ALIYEFUKUZWA KAZI

Historia ya nzi na gesi za sumu ilianza na mwalimu. Charlotte Auerbach alizaliwa Ujerumani mwaka 1899, akafundisha baiolojia katika shule za Berlin. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulipotunga sheria za kuwafukuza Wayahudi katika kazi za umma, naye alipoteza kazi yake. Akakimbilia Edinburgh, akasoma elimu ya urithi, na mwaka 1935 akapata shahada yake ya udaktari.

Wakati huo ilikuwa imekwisha kujulikana, kutokana na kazi ya Hermann Muller ya mwaka 1927, kwamba miale ya eksirei hubadili jeni za nzi. Kuhusu kemikali, wengi walikwisha jaribu bila kupata ushahidi wa kuridhisha. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiendelea, Auerbach na mtaalamu wa dawa aitwaye J. M. Robson walianza kuchunguza gesi ya haradali, ile silaha iliyotumiwa mara ya kwanza karibu na mji wa Ypres mwaka 1917. Madonda yake yalifanana na yale ya eksirei, yaliyokuwa mazito kupona. Je, haikuwezekana kwamba zote mbili zinagusa mahali pamoja ndani ya mwili?

Waliwaweka nzi dume katika gesi hiyo, kisha wakawapandisha na majike ambao hawakuguswa, wakahesabu wajukuu. Ujanja wa kipimo hicho ni mwepesi kuelewa. Dume ana kromosomu moja tu ya aina ya X. Ikiwa gesi imeharibu jeni ya lazima katika kromosomu hiyo, wajukuu wa kiume wanaoirithi hawana nyingine ya kuwaokoa, nao hufa kabla ya kuzaliwa kuwa nzi kamili. Basi chupa ambayo madume wanaotazamiwa hawaonekani ni chupa inayotoa ushahidi. Chupa za namna hiyo zilikuwa nyingi kupita kiasi cha kawaida. Auerbach mwenyewe aliungua mikono katika kazi hiyo. Kwa kuwa ilikuwa siri ya vita, dunia haikuarifiwa hadi mwaka 1946.

Mwaka huo huo, huko Urusi ya Kisovyeti, Iosif Rapoport alitangaza kwamba fomaldehidi, ile kemikali iliyomo ndani ya fomalini, hubadili jeni za nzi inapochanganywa katika chakula cha mabuu. Mwaka 1948, elimu ya urithi ilipopigwa vita katika nchi yake kwa amri za kisiasa, Rapoport alisimama kuitetea, na kwa sababu hiyo akapoteza kazi.

Sasa tutazame kalenda. Nzi alitoa shitaka dhidi ya fomaldehidi mwaka 1946. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipoiweka kemikali hiyo katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo ni yakini vinawaletea binadamu saratani, ilikuwa mwaka 2004. Ni miaka 58. Hatusemi kwamba shitaka la nzi lingetosha peke yake; nzi wale walilishwa kemikali hiyo, ilhali wafanyakazi waliidhurika kwa kuivuta, na njia ambayo sumu huingilia mwilini ni jambo kubwa. Lakini tunauliza: katika miaka hiyo 58, ni vibarua wangapi wa viwanda vya mbao na gundi, wahudumu wangapi wa vyumba vya maiti, na walimu wangapi waliovuta hewa hiyo bila kuambiwa kwamba tayari kulikuwa na tuhuma?

HARUFU YA NYUMBA ILIYOFURIKA

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na wakati wetu. Tarehe 29 Agosti, 2005, kimbunga Katrina kiliipiga pwani ya kusini mwa Marekani, na kama asilimia 80 ya mji wa New Orleans ikafunikwa na maji. Maji yalipopungua, kuta za nyumba ziliota kuvu toka sakafuni hadi darini. Miongoni mwa waliorudi kutazama nyumba zao alikuwamo Joan Bennett, mtaalamu wa kuvu. Aliingia akiwa amevaa kinyago na glavu ili achukue vielelezo, akashikwa na kizunguzungu, maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Kabla ya hapo hakuwa mwepesi kuamini malalamiko ya watu waliosema kwamba majengo yenye kuvu yanawaumiza. Kinyago chake kilizuia vumbi la kuvu, lakini hakikuzuia mvuke. Akaanza kujiuliza kama mvuke ndio uliomdhuru.

Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Rutgers, yeye na wenzake walimwuliza nzi. Waliwaweka nzi ndani ya vyombo vilivyofungwa vyenye kiasi kidogo cha mvuke wa kemikali mbalimbali zinazotolewa na kuvu. Mmoja ulijitokeza kuwa na sumu kuliko mingine: ule uitwao 1-octen-3-ol, ambao ndio unaoupa uyoga harufu yake. Nzi waliouvuta walianza kutetemeka na kupoteza uwezo wa kwenda sawasawa. Nzi mzima akigongwa hadi chini ya chupa hupanda juu mara moja, hawa walishindwa. Ubongo wao ulipochunguzwa, zile chembe zinazotengeneza dopamini zilikuwa zimepungua. Dopamini ndiyo inayopungua pia kwa binadamu wenye ugonjwa wa Parkinson. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, pamoja na majaribio ya chembe za binadamu zilizokuzwa maabarani, ambazo nazo zilionyesha kwamba kemikali hiyo huvuruga uchukuzi wa dopamini.

Je, hii ina maana kwamba nyumba yenye kuvu humpa mtu ugonjwa wa Parkinson? La hasha. Utafiti huo haukuthibitisha hivyo. Uliloonyesha ni kwamba kuna shitaka lenye msingi, na umeonyesha mahali pa kutazama. Kwa mtu aliyekuwa akiambiwa kwamba maumivu yake ni ya kujitungia kichwani, hilo si jambo dogo.

MIPAKA YA NZI

Haifai kumsifu nzi bila kutaja upungufu wake. Nzi hana mapafu. Ubavuni mwake mna matundu madogo, na kutoka hapo mirija myembamba huipeleka hewa moja kwa moja hadi kwenye viungo vyake. Damu yake haibebi oksijeni kama yetu. Matundu yale anaweza kuyafunga na kuyafungua. Kwa sababu hiyo hawezi kutuambia lolote la maana juu ya maradhi yanayotokana na mapafu yenyewe. Vumbi la mawe linalowaua wachimbaji kwa kukakamaza mapafu, na nyuzi za asbesto, havina mahali pa kukaa ndani ya nzi kama vinavyokaa ndani ya binadamu.

Tena, yeye ni mdudu. Dawa zilizotengenezwa ili kuua wadudu zitamwua hata pale ambapo madhara yake kwa binadamu ni madogo. Mfano tunao hapa nyumbani. Pareto inayolimwa katika nyanda zetu za juu za kusini humwangusha nzi kwa dakika chache, lakini kwa mtu ni miongoni mwa dawa zisizo kali sana. Kama tungeifanya hukumu ya nzi kuwa hukumu ya mwisho, tungeipiga marufuku pareto na kuacha mambo mabaya zaidi.

Kipimo kile cha Auerbach cha kuhesabu wajukuu kiliingizwa katika miongozo ya kimataifa ya upimaji wa kemikali ya shirika la OECD mwaka 1984, chini ya namba 477. Mwaka 2014 kiliondolewa, kwa kuwa vipimo vipya vya bakteria na vya chembe za wanyama vilikuwa vimechukua nafasi yake. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni dalili ya kuwa zama za nzi zimepita. Sisi tunaona vingine. Kipimo kimoja kilistaafu, mtumishi hakustaafu. Leo haulizwi tu kama jeni za wajukuu wake zimeharibika. Anaulizwa kama anatembea, kama analala, kama anazaa, kama anazeeka upesi, na kama ubongo wake unaoza. Bakteria hana ubongo wa kutazamwa.

SHITAKA NA HUKUMU

Hapa ndipo penye hatari ambayo watumishi wa umma hawana budi kuiona mapema. Kipimo chochote kilicho rahisi kinaweza kugeuzwa ngao. Mwenye kiwanda anayetaka kuokoa gharama ya mabomba ya kutolea hewa anaweza siku moja kuja na karatasi iliyopigwa mihuri, akasema: kemikali yetu imepimwa kwa nzi, na nzi wote ni wazima, basi wafanyakazi wasilalamike. Karatasi hiyo ikataliwe. Nzi mzima maana yake ni kwamba hatujaona kosa kwa njia hiyo. Haina maana kwamba kosa halipo.

Lakini nzi mgonjwa ni habari nyingine. Nzi wakitetemeka, wakifa kabla ya siku zao, au wakizaa watoto pungufu kwa kuvuta mvuke wa kitu ambacho hakikutengenezwa kuua wadudu, basi mzigo wa kuthibitisha uhame. Usiwe tena juu ya mfanyakazi kuthibitisha kwamba anaumwa. Uwe juu ya mwenye kemikali kuthibitisha kwamba haiumizi, kwa vipimo vikubwa zaidi. Na wakati vipimo hivyo vikiendelea, madirisha yafunguliwe na vinyago vinavyofaa vitolewe.

Tusidhani haya ni maneno ya nadharia tu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba, 1984, kiwanda cha dawa za wadudu mjini Bhopal, India, kilivujisha tani zipatazo 40 za gesi ya methili aisosayaneti juu ya mitaa ya watu maskini waliokuwa wamelala. Maelfu walikufa, na zaidi ya nusu milioni waliguswa na gesi hiyo. Madaktari walipokea wagonjwa waliokuwa wakipofuka na kukosa pumzi huku wakiwa na maarifa machache mno juu ya kitu kilichokuwa kikiwaua. Kemikali ilikuwa imehifadhiwa kwa matangi. Elimu juu ya madhara yake kwa mwenye kuivuta haikufika hata kibaba. Kutojua si jambo la bahati mbaya tu. Aghalabu ni matokeo ya watu kutotaka kugharimia kujua.

Na gharama ndiyo hoja yenye nguvu kwa upande wa nzi. Kupima mvuke kwa panya kwa kufuata miongozo ya kimataifa kunahitaji vyumba maalumu vya kioo na chuma, mitambo ya kuchanganya hewa, na watumishi wengi. Idadi ya kemikali zilizomo katika biashara ni kubwa mno hata kwa nchi tajiri kuzipima zote kwa njia hiyo. Nzi ni chekeche la kwanza. Chekeche halipiki chakula, lakini mpishi asiye nalo atakula mawe.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Wenzetu wamekwisha anza. Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, kina watafiti wanaotumia nzi huyu kupima sumu za kemikali. Nchini Uganda, mpango wa DrosAfrica umewafundisha wanasayansi wa Kiafrika jinsi ya kumfuga na kumtumia nzi katika utafiti. Vyuo vyetu vikuu havina sababu ya kungoja. Unga wa mahindi tunao, hamira tunayo, na vijana wenye akili tunao. Kinachotakiwa ni chumba chenye joto lisilobadilika, darubini chache, na uongozi unaoona kwamba kazi hii ni ya heshima.

Sheria nayo tunayo. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 ipo, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayoisimamia. Afisa anayesaini hati ya ununuzi wa rangi, gundi au dawa ya kupulizia ofisini aulize kwanza karatasi ya usalama wa kemikali hiyo, na aulize kama imeandikwa kwa lugha ambayo mpulizaji anaielewa. Onyo lililoandikwa kwa Kiingereza na kubandikwa mbele ya kibarua asiyekijua ni pambo la ukuta.

Walimu wana sehemu yao pia. Si kazi ya shule kupima sumu, na jambo hilo lisijaribiwe kamwe darasani. Lakini ndizi iliyoiva, chupa safi na kipande cha kitambaa vinatosha kumfundisha mwanafunzi jinsi yai linavyokuwa buu, buu likawa bundo, na bundo likawa nzi. Na kumfundisha urithi kwa macho yake mwenyewe badala ya kukariri. Mwanafunzi aliyezoea kumchunguza nzi hatamdharau, na akija kuwa mkaguzi wa viwanda atajua kusoma ripoti ya maabara na kutambua pale anapodanganywa.

Auerbach alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mtafiti, na kipimo chake kilikuwa cha kuhesabu tu: wangapi walitazamiwa kuzaliwa, na wangapi hawakuonekana. Hesabu ya namna hiyo inatuhusu sisi sote. Katika karakana zetu wapo waliotazamiwa kustaafu wakiwa wazima, na hawakuonekana siku ya kustaafu kwao. Ni wajibu wetu kuanza kuhesabu mapema, tukianzia kwenye chupa, ili tusiendelee kuhesabu makaburini.